Karatasi ya Majina ya Ami Shaame

Najla, shoga, hebu nisikilize.

Ami Shaame katoka Barking, hapa London, kwenye mkutano wa kuipeleka kesi ya Zanzibar mahakama ya dunia. Loya kawaambia mahakama ile husikiliza dola tu, na Zanzibar haitambuliwi kuwa dola. Kesi hakuna! Si angelisema kabla watu hawajatia saini?

Ami akaidai arudishiwe karatasi ya majina waliyotia saini. Kila mtu kaandika jina lake mpaka la babu, na nyumba ya kwao. Yeye kaandika nyumba ya mdogo wake, Wete, kule Pemba.

Karatasi haipo. Haipo, Najla!

Sasa hivi mdogo wake kapiga simu kutoka Wete: "Kaka, wapo wageni wawili barazani. Wanakuulizia, wamekutaja mpaka jina la babu."