Darasa Ndani ya Lori

Dada yangu mwalimu,

Sisi wazima. Huu ni mji wa kumi na moja tangu tuondoke kwako, na kisima kimetoa maji siku ya pili. Fundi mwingine angechimba mwezi mzima.

Sasa binti yetu. Nilikutambia kwamba ana miaka saba na anasoma kitabu kizima bila kukwama, mwalimu wake mimi, darasa ndani ya lori. Juzi nikachomekea shati, nikampeleka shule ya hapa. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Huyu mpe darasa la tatu, la pili atawaaibisha wenzake." Mama wa watu akampa kitabu kingine asome. Mtoto akakitazama, kisha akanigeukia: "Baba, anza wewe."

Kumbe kile chetu alikikariri kwa sauti yangu. Herufi hazijui.

Uliponiomba nikuachie mtoto asome, nilikucheka mbele ya watu. Nisamehe, dada. Jumamosi namleta.

Njiani tukitoka shuleni aliniuliza kama yeye ni mjinga. Nikamwambia, "Mjinga ni mwalimu wako." Akacheka, akidhani natania kama kawaida yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Visima