Gari Lililolala Zizini

Shule ya Msingi,
Zuzu,
S.L.P. 214,
Dodoma.
20 Mei 1998

Mpendwa Kaka Leonard,

Shikamoo kaka. Na kwa kuwa Baba kama angekuwa hapa angeninung'unikia kwa kusahau salamu ya Kigogo chetu, basi mbukwa pia. Habari za Francistown, habari za kufundisha, habari za lile joto ambalo wifi Witness alililalamikia kwenye kadi ya Krismasi? Elieza natumaini masikio yamepona. Mfundisheni Kiswahili huyo mtoto, asije akafika hapa tukaongea naye kwa mikono.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mimi ni mzima, malaria ya Machi imeniacha. Baba mwili una nguvu zake, lakini macho, kaka, macho yamekwenda. Vikope vile vya siku zote vimezigeuza kope zikaingia ndani na kumkwaruza mpaka mboni zimekuwa nyeupe. Daktari wa mjini alisema tumechelewa. Jicho la kulia linaona mwanga na kivuli, la kushoto halioni kitu. Anatutambua kwa nyayo zetu na kwa namna tunavyokohoa.

Mvua za elinino bila shaka mlizisikia redioni. Sisi watu wa Dodoma tumezaliwa tukiomba mvua, mwaka huu tukajikuta tunaomba ikome. Reli ilisombwa, treni zikakwama, mahindi yakaozea shambani. Zabibu za Machi ziliponea chupuchupu.

Sasa nije kwenye gari ulilomtumia Baba, maana najua tangu mstari wa kwanza unalitafuta neno hilo.

Gari limefanya kazi, usidhani halikufanya. Limebeba zabibu, limebeba mapipa ya maji, limebeba wagonjwa. Mjamzito mmoja wa kule bondeni alijifungulia humo humo njiani, na mtoto wamemwita Leonard, ingawa ukoo wao haujui hata sura yako. Castory wa Baba Mdogo analiendesha taratibu mno, mpaka wenye baiskeli wanampita wakimpungia mkono.

Lakini kaka, gari linaoza. Halijatimiza mwaka na chini limeliwa na kutu.

Tulianza kujua mwezi wa tatu. Castory alikuwa anarudi kutoka mjini, bomba la ekzosi likakatika na kuanguka barabarani. Akaja nyumbani na ngurumo ambayo ilikimbiza kuku. Baba alikuwa ameketi mlangoni, akatabasamu. Akasema, "Sasa limekomaa. Linalia kama dume." Sikuwa na moyo wa kumwambia kilichotokea.

Tukalipeleka kwa fundi Ambokile, Mnyakyusa mmoja mwenye gereji nyuma ya soko. Akaingia chini na bisibisi, akagonga hapa na pale, na mahali pengine bisibisi ikazama. Alipotoka alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akauliza kama gari hili tunavulia samaki baharini. Castory akamjibu kwamba bahari iko Dar es Salaam. Fundi akanusa vidole vyake, akauliza, "Basi linalala wapi?" Castory akaniangalia mimi, nami nikaangalia ukuta.

Linalala zizini, kaka. Tangu siku lilipofika.

Mimi nilikuwa nimeshaomba banda la bati hapa shuleni na Mwalimu Mkuu alikubali. Baba akakataa katakata. Alisema mali hailali nje, na mali ya mtoto aliye mbali ndiyo kabisa. Akaamuru ua wa miiba ukatwe, mlango wa zizi ukapanuliwa, gari likaingizwa wazee wakishuhudia. Akalipa jina la lile dume la kijivu lililouzwa ili wewe uende sekondari. Akasema limerudi.

Nikubali kwamba nilipendezwa. Unajua desturi yake ya jioni, ng'ombe wakishaingia anazunguka akimgusa kila mmoja mgongoni. Sasa akawa anamalizia kwa gari. Mkono wake ukifika kwenye boneti unakaa pale muda mrefu kuliko kwa ng'ombe yeyote. Nani angekwenda kumwambia mzee yule aondoe mkono?

Kisha mvua ikaja na samadi ikawa uji. Magurudumu yakazama, ng'ombe wakawa wanajisugua kwenye bodi na kukojoa hapo hapo, ndama wakalifanya gari kuwa nyumba yao. Fundi anasema mkojo wa ng'ombe na samadi iliyolowa ni sumu kwa chuma, na sisi tulikilaza chuma ndani yake usiku baada ya usiku kwa mapenzi yote.

Tumehangaika. Ambokile alikwangua kwa brashi ya waya, akapaka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, juu yake akapulizia oili chafu. Jioni gari likarudi zizini. Kabla ya Pasaka rangi ilikuwa inabanduka. Nikamweleza Baba wazi kwamba gari lina kutu. Akapitisha kiganja kwenye mlango, laini, bila mkwaruzo, akaniuliza kutu iko wapi. Nikasema iko chini. Akasema, "Ng'ombe mwenye afya unamjua kwa ngozi yake, mwanangu." Nami ningemwonyeshaje asiyeona kitu kilicho chini ya kitu?

Nikamwomba Castory alilaze shuleni siku moja bila kusema. Akanijibu, "Dada, neno la Baba Mkubwa mimi sivuki. Unataka nipate laana?" Nikamwendea Shangazi Sidonia, nikidhani kaka yake atamsikiliza yeye. Shangazi alinigeuzia kibao, akasema Leonard alimpa baba yake dume na sasa mimi mwanamke nataka kumnyang'anya. Nikarudi nyumbani nikapika mlenda.

Watu nao hawakosi la kusema. Paskazia wa dukani anatangaza kuwa Leonard alituma mtumba uliopakwa rangi Dubai, kwa sababu hakuna gari jipya linaloweza kuangusha bomba kabla ya mwaka. Wewe uliyekataa mitumba yote bandarini ukataka la kiwandani. Siku hizi sukari nanunua duka la mbali.

Sasa kaka, keti kama umesimama. Mwanzoni mwa mwezi huu, asubuhi, ndama mchanga aliingia chini ya gari akagoma kutoka kunyonya. Baba akapiga magoti amvute mguu. Mimi nilikuwa pale na kibuyu cha maziwa. Mkono wake ukamkosa ndama ukashika chuma, na alipoutoa kiganja kilikuwa kimejaa magamba ya kutu. Akayasaga kwa kidole gumba. Akayanusa. Akauliza, "Yasinta, hii ni nini?"

Ningeweza kusema ni matope. Nikasema, "Ni kutu, Baba. Ndiyo niliyokuwa nakueleza."

"Lote?"

"Chini, lote."

Akaurudisha mkono chini, safari hii kwa makusudi, akaanza kupapasa kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma, anatambaa kwa magoti ndani ya samadi, vipande vinamwangukia kwenye mkono wa shati. Mimi nimesimama na kibuyu changu, sijui nimwinue au nimwache. Nilimwacha mpaka akafika mwisho wa gari.

Alipoinuka akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema. "Usimwandikie Leonard. Nimechunga ng'ombe wa watu tangu utoto wangu, hakuna aliyewahi kunidai hata mkia. Mwanangu kaniachia mmoja tu, nimemwacha akaniozea mikononi."

Asubuhi hiyo hiyo akamwita Castory, akamwambia gari lihamie shuleni. Nililolilia miezi yote nikalipata, kaka, na nililipata nikiwa nalia. Nimemweleza kuwa ni mvua, kwamba mwaka huu hata reli ya serikali imeshindwa. Anajibu, "Mvua haikuingiza gari zizini." Jioni ng'ombe wanaingia na yeye hatoki tena kuwagusa. Anakaa ndani, anasikiliza kengele zao, anakula ugali matonge machache na kunishukuru kama mgeni. Hilo la kunishukuru linaniumiza kuliko la kutokula.

Gari lenyewe, Ambokile anasema kutu imeingia ndani ya chesisi, uti wa mgongo wa gari, ambako brashi haifiki. Kwa safari za mjini bila mzigo litajikongoja. Zabibu za Agosti halitazibeba. Usitume rangi, usitume fundi, na tafadhali usiandike barua ya hasira, maana barua zako ni mimi ninayemsomea, na sauti yangu anaijua hata nikimeza mate.

Basi nimevunja neno lake kwa kukuandikia, na ninaandika hapa ofisini wakati wa mapumziko, watoto wanapiga kelele dirishani. Sijui nifanye nini kaka. Kama ningejua nisingekuandikia.

Shangazi Sidonia anakusalimu, tumeshapatana. Castory anasema shikamoo na anaona aibu kana kwamba alilikojolea yeye. Msalimie sana wifi, na Elieza mbusu shavuni kwa niaba ya babu yake, ambaye huuliza kila mara amefika urefu gani. Mungu wa wazee wetu awalinde huko ugenini, awape riziki na afya, atufikishe sote siku ya kuonana.

Shule zenu zikifungwa Desemba, njoo. Fika kama mtu asiyejua lolote. Baba atakushika mkono akupeleke mwenyewe kwenye banda, namfahamu, kisha atasimama pembeni akingoja. Weka kiganja kwenye boneti, lisifie, mshukuru kwa kukuchungia. Lakini nakuomba sana, kaka yangu, usiiname. Kuona haoni, ila magoti yako yakigusa chini atasikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Yasinta