Kasiksi Isiyoonjwa

Siku ya Kwanza, 4 Juni 1956
Nimechota maji, nimepasua kuni, nimekula mara mbili. Sahani ya shemeji yangu Karoli, yule karani, imerudi jikoni tena imejaa. Dada Feresita anapika, bwana yake anasema ameshiba, mimi namaliza. Ndoa yao inakonda, mimi nanenepa. Hawagombani. Afadhali wangegombana.
Kitu kimoja tu hakijakatika. Jioni dada anamuletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anavuta kidogo kwa murija, anameza, halafu anamupa. Kwetu mutu hapewi pombe mpaka anayemupa aonje kwanza. Ni kumwambia: kunywa, sikutakii kifo. Hawasemeshani, lakini anaonja. Kila jioni.

Siku ya Tatu, 6 Juni
Padri wa sinema amefika na masini yake ya kupigia picha. Anataka filme juu ya ndoa mbaya, watu wajifunze. Amechagua nani? Dada na Karoli! Eti ni ndoa nzuri ya misioni, wataigiza ile mbaya bila hatari. Nilicheka mpaka nikakohoa.
Mukalimani ni mimi. Nani mwingine? Nilifika darasa la sinkiemu kwa misioni kabla mwalimu hajanifukuza kwa ajili ya mdomo. Kifaransa changu kinavaa viatu.

Siku ya Posho, 9 Juni
Nimekasirika. Juma linaisha vibaya. Padri anataka dada arushe sufuria. Dada hajarusha hata kijiko. Anataka Karoli amupige kibao. Karoli hajamugusa tangu Pasaka, kwa ubaya wala kwa uzuri. Nikamwambia: mon père, nyumba inayokufa haina kelele. Piga picha ya sahani inayorudi imejaa. Akanipapasa kichwa. Akasema watu wetu hawataelewa kitu kidogo namna hiyo.
Kichwa changu! Kama cha mbuzi.
Cha kweli kimoja tu: dada alileta kasiksi, akaonja kama nyumbani, Karoli akamutazama. Masini ilikuwa inalia. Nikasema, haya, hilo limeingia kwenye filme.

Siku ya Posho, 4 Augusti
Filme imerudi kutoka Ulaya. Jioni wameionyesha kwenye kiwanja cha misioni, Goma nzima imekaa juu ya mawe. Mimi na mikro, koti la Karoli begani, naeleza maneno ya Padri. Wasichana wananitazama. Sufuria imeruka, watu wamecheka. Kibao, wamecheka tena.
Halafu dada anakuja na kibuyu. Na mara moja murija uko mdomoni mwa Karoli. Kuonja hakupo! Kumekatwa! Karoli anakunywa, anayumba yumba eti mulevi, namna Padri alivyomufundisha, anaanguka chini.
Hakuna aliyecheka.
Mama yake Karoli ndiye alianza: "Hakuonja! Mumeona wenyewe! Anamuua mutoto wangu!"
Kiwanja kikachemka. Nikatupa karatasi ya Padri. Nikapiga kelele kwa mikro: alionja, nilikuwa pale, Padri ndiye amekata! Wakanijibu: "Nyamaza we, unatetea dada yako!"
Basi nikasema: "Shemeji Karoli, simama. Kinywa kilichokunywa ni chako. Waambie."
Alikuwa benchi ya mbele. Alitazama viatu vyake. Hakusimama.
Mutu anaonjewa kila jioni, na neno moja linamushinda. Karani muzima! Mwoga.

Siku ya Mungu, 5 Augusti
Nimemuuliza Padri kwa nini. Anasema muke anayekunywa kabla ya bwana anaonekana mulafi, filme ingechafuka. Anasema ni kitu kidogo. Kidogo! Nimepiga meza yake, wino umemwagika. Amenifukuza. Mara ya pili kufukuzwa na misioni, sasa mimi ni bingwa.
Nyumbani mama yake Karoli amevunja vyungu vyote vya dada, watoto wa jirani wanatazama. Sasa ndiyo Padri angeleta masini! Karoli alisimama mlangoni. Dada alimungoja aseme. Nilimuona anangoja, kitenge mukononi, anakikunja, anakikunjua. Halafu akafunga mzigo.
Ningemupiga Karoli. Dada amenikataza. Ningemupiga vizuri.

Siku ya Mungu, 26 Augusti, Rutshuru
Karoli amekuja kwa mama yetu, tulikokimbilia mimi na dada, pamoja na baba yake mudogo na jogoo. Muzee alisema vizuri, kwa urefu: mambo ya sinema yaishe, muke arudi kwake. Karoli alimuachia yeye maneno yote.
Mama akaagiza kasiksi. Dada akaleta kibuyu. Akakipangusa, akaweka murija mupya, akapiga goti, akamupa Karoli kwa mikono miwili.
Hakuonja.
Karoli alikishika. Muzee aliona, akamuvuta jogoo karibu. Karoli alimutazama dada, na dada alimutazama. Tangu nilipohamia kwao sijawaona wakitazamana muda wote ule.
Alikiweka chini polepole, isimwagike. Wakaaga, wakaondoka bila dada. Jogoo wamemuacha.
Mvua ilianza baadaye. Dada akaokota kibuyu, akavuta kidogo, akameza, akanipa.
Nikakunywa.