Bakambale Tisa na Moto Moja

Yaya Masika,

Wabukire. Kama barua hii inakufikia kisha saa sita, geuza salamu mwenyewe, usome wasibire. Mama aliamuka namna gani? Goti lake linamuacha kwenda misa? Na batoto, na ile mbuzi yako yenye kukula kamba? Miye niko muzima, ila kichwa kinachemuka, na hapana homa. Ni hasira. Sitakuficha: Kambale ndugu yetu amefungwa mu kashoti ya basoda tangu juma lililopita. Hawakumupiga sana. Soma polepole mpaka mwisho, sababu kazi yako iko ndani.

Unajua kazi yangu hapa Beni, pa bureau ya kilimo. Kila asubuhi naangalia kipima-mvua, naandika mu buku maji yamefika wapi, upepo unatoka wapi, na kama naona moshi, moshi uko wapi. Mushahara ulikufa mbele ya vita. Kipima-mvua kilibaki, basi na miye nikabaki. Tangu Noeli naandika ziro. Ziro, ziro, ziro, ukurasa muzima kama mayai ya kuku asiye na kazi ingine. Joto linazidi, majani mu milima yanalia chini ya miguu, na chini ya mikalitusi kumejaa majani makavu yenye mafuta yao ndani, yanangoja tu mupumbavu mumoja.

Donc basi, shefu wangu, mutu wa Kasai, mukristu mwema mwenye kuogopa kila kitu chenye kofia, akaniambia niandike komunike. Niliandika vizuri, yaya, ungenisifu: "Jua litazidi kuwa kali. Mvua haiko karibu. Mutu asichome shamba, hata kipande, mpaka mvua inyeshe mara mbili." Baliisoma kanisani, baliibandika ku soko. Na batu balitii! Unajua namna sisi tunachoma: tunalima njia ya kuzuia moto kwanza, tunaita majirani na matawi mabichi, tunangoja upepo ulale. Mwaka huu hata namna hiyo balikataa kuchoma. Baliguna, balinitukana kidogo, balingoja.

Kisha basoda ba kambi ya mulimani bakaona majani ni marefu, adui anaweza kujificha. Bakawasha moto saa ine ya asubuhi, upepo ukipiga, bila njia ya moto, bila kuita mutu. Nilikuwa nimesimama pa kipima-mvua, bic mu mukono. Nikaandika kama kila siku: mvua ziro, upepo wa mashariki, moshi unaanza pa kambi ya basoda, saa ine. Kufika saa sita moto ulikuwa umeshuka chini, umekula mikalitusi ya bajane, nyumba tatu za majani, na mbegu zote za maharagi zilizokuwa ndani. Mutu hakukufa. Namushukuru Mungu, komanda wao simushukuru.

Kesho yake huyo komanda akafika ku soko na komunike yangu mu mukono. Karatasi yangu, yaya! Mwandiko wangu!

"Ilikatazwa kuchoma," akasema. "Imeandikwa hapa. Donc ni raia alivunja sheria. Nani?"

Mutu mumoja, kwa woga, akajibu: "Labda Kambale."

Kwetu kusema "labda Kambale" ni kusema "labda mutu." Lakini komanda alitoka mbali, alifikiri amepata jina. Akapandisha sauti: "Kambale! Azali wapi? Kambale atoke!"

Mutu mwema akiitwa anaitika. Bakatoka tisa. Mumoja katekista, mumoja fundi wa baiskeli, mumoja muzee asiyeona vizuri. Wa tisa ni wetu, alifika asubuhi ile ile na gunia la viazi vyako, hata moshi hakuukuta.

"Munanicheka?" komanda akauliza.

Nikasogea. "Hapana, mon commandant. Kwetu mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Kila mama mwenye bana baume babili iko na mumoja."

"Donc ni kikundi?"

"Ni uzazi, mon commandant."

"Bote ndani."

Sasa banachotea kambi maji. Jana nilimupelekea Kambale bugali na sombe. Akakula, akanicheka: "Mudogo wangu, uliandika komunike muzuri kabisa." Kisha akashusha sauti. "Banasema mumoja akubali kosa, nane baende nyumbani. Tunaangaliana tu. Muzee anakohoa. Katekista iko na batoto saba. Miye niko na nani?"

Unamujua. Atakubali, yaya. Alhamisi ndiyo mwisho, na huyo mupumbavu mwenye roho muzuri atakubali, na akikubali batamupeleka mahali hatutajua.

Shefu wangu aliniita, akaniambia bila kuniangalia: "Kasereka, pasua ule ukurasa wa siku ya moto." Nikapasua mbele yake. Alipumua. Hakuuliza nimeutupa wapi. Uko mu barua hii, umekunjwa mara ine. Upeleke Butembo, kule Kimemi, kwa padri aliyemubatiza Kambale. Yeye anasemaga na bakubwa, nao banamusikiliza. Aufikishe mbele ya Alhamisi kufika. Usimupe shemeji aubebe. Akikunywa pombe yake ya kasiksi anasomaga barua za batu kwa sauti.

Na shamba lako la Vuhovi, usilichome. Najua umelikata, najua mama anasema mwezi umekaa vizuri. Mwezi haujui kitu. Nasema kama mutu wa ziro nyingi.

Nisalimie mama na goti lake, shemeji na koo lake, na batoto bako bote. Uliyepokea barua kwake ni Mama Kavira, jirani yangu anayeuzisha mawese. Umupe viazi, alificha karatasi hii chini ya bidon ya mafuta, na kwenye njia basoda banapenda mawese kuliko kusoma.

Na ukisikia Kasereka anatafutwa Beni, usianze kulia. Baite tu jina ku soko. Tuko bengi.

Mudogo wako, mwanaume wa tatu wa mama yetu,
Kasereka