Binti Yangu na Jina la Ingeborg

Jumapili, 20 Februari 1887

Tumbo zito. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Mama mkwe ananitazama ninavyozunguka, anasema nikiendelea hivi mtoto atazaliwa na kizunguzungu.

Asubuhi mezani mume wangu Halvar kasema, macho kwenye uji, kwamba usiku amemwota Ingeborg, marehemu mkewe wa kwanza. Amesimama mlangoni, theluji mabegani, hasemi kitu. Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Basi, mwanangu. Amekuja kuomba jina."

Hapa Hälsingland, Uswidi nzima hata, hakuna asiyejua. Mwanamume aliyefiwa na mkewe akioa tena, binti wa kwanza hupewa jina la yule marehemu. Ni heshima yake, wanasema. Na mwenye tumbo je? Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 23 Februari

Jina la pili halina ugomvi. Akiwa wa kike ni Halvarsdotter, binti Halvar, kama mimi nilivyo Larsdotter na nitakavyozikwa Larsdotter. Hilo ni la baba, halichaguliwi. La kwanza ndilo linalonikosesha usingizi.

Nataka aitwe Marit. Mama yangu alikufa vuli iliyopita, na hana mjukuu hata mmoja mwenye jina lake. Mchungaji aliniambia zamani kwamba maana yake ni lulu. Ingeborg nalo ni jina la kale, la tangu enzi za miungu ya mababu — maana yake ulinzi. Zuri. Sina ubaya nalo. Lakini ni mimi nitakayeliita kutwa: Ingeborg njoo ule, Ingeborg vaa viatu. Na kila nikiita, Halvar atageuka. Siwezi!

Kulitamka jina kabla ya ubatizo ni mwiko. Majitu ya msituni yakilisikia yanakuja kumwiba mtoto na kuacha la kwao susuni. Kuandika hakuna aliyekataza.

Jumamosi, 26 Februari

Msichana. Jana jioni. Mzima, nywele nyekundu, sauti ya kuamsha kijiji. Mkasi umewekwa ndani ya susu kuyazuia majitu, taa haizimwi mpaka abatizwe.

Mama mkwe kampakata, kalia, akanibusu kwenye paji la uso — hajawahi. Kisha akamwinamia mtoto: "Wewe tunakujua ni nani." Nikageukia ukutani.

Jumatano, 2 Machi

Nimemwambia Halvar. Jina sikulitamka. Nilisema tu, "Nataka la mama yangu."

Alikuwa anachonga mpini wa reki. Akaendelea kuchonga. Nikadhani hakusikia.

"Tangu nikuoe," akasema, "la yule sijalitaja ndani ya nyumba hii hata mara moja. Kwa ajili yako. Nilidhani sasa nitaweza kulitaja bila kukuumiza."

Angenifokea ningejua la kujibu. Nilibaki na hasira yangu mkononi, sijui niiweke wapi. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema tuamue wenyewe wanawake. Akatoka, koti ameliacha ukutani, na baridi ile!

Ubatizo ni Jumapili. Mama wa ubatizo kachaguliwa na mama mkwe, na kamchagua Lisbet, dada yake Ingeborg. Yeye ndiye atakayembeba mtoto, na mchungaji akiuliza jina atajibu yeye. Mimi sitakuwepo. Mama aliyejifungua haingii kanisani, wala havuki kizingiti cha nyumba, kabla mchungaji hajamwombea. Litakalotoka kinywani mwa Lisbet ndilo jina, basi.

Jumamosi, 5 Machi

Lisbet kaleta uji wa mzazi, siagi imeelea juu. "Kula, umekauka kama ubao." Nikangoja mama mkwe aende kukamua. Nikasema yote kwa haraka.

Akanikazia macho. "Yaani unaniomba mimi? Mimi nimzike dada yangu mara ya pili?"

"Sina mwingine wa kumwomba, dada."

Halafu akacheka kidogo, cheko lenye machozi. "Na yeye alivyokuwa na wivu. Angekuwa mahali pako, uji huu ungeshakuwa kichwani kwangu."

Nikamwuliza, kwa hiyo? Akafuta pua kwa kiganja. "Kwa hiyo kula, unapoa."

Hakuahidi. Hakukataa. Nimekula wote, sijui hata ladha yake.

Jumapili, 6 Machi

Wamekwenda. Sleji nzima ya watu, farasi akiivuta thelujini, na mimi peke yangu ndani, siruhusiwi kuvuka kizingiti. Mwanangu anapewa jina na mimi simo. Nimefagia. Nimefagia tena. Maziwa yanachuruzika, nguo imelowa yote. Mara namwona Lisbet akisema Marit, mara namwona mama mkwe akimtolea jicho naye anasema lile jingine.

Njuga za farasi —

Baadaye kidogo. Naandika kwa mkono mmoja, mtoto ananyonya. Lisbet ndiye aliyeingia kwanza. Akanikabidhi mtoto kwa maneno yale ya siku zote: nilichukua mpagani, nakurudishia Mkristo. Jina hufuata hapo hapo. Hakulisema. Alinitazama tu, macho mekundu, akaenda kuteleka kahawa.

Mama mkwe hakuingia kabisa. Amepitiliza zizini na nguo zake za kanisani.

Basi nimejua: ni Marit. Nilidhani nitaimba. Nimefungua kinywa nimwite mwanangu kwa mara ya kwanza, nikamwona Halvar dirishani. Farasi keshamfungua, hana kazi tena pale nje. Amesimama kwenye theluji, kofia mkononi, kama mtu aliyetoka kuzika.

Lisbet anauliza akamwite, kahawa isipoe. Nimemwambia akae, ampokee mtoto. Nitakwenda mimi. Ananikumbusha kwamba siruhusiwi. Najua. Natafuta viatu —