Jina Nililolitaja

Jumatatu, 3 Machi

Makala imetoka asubuhi hii. Ukurasa wa kumi na tano, na picha yangu ile ya zamani yenye nywele. Kichwa: "Mchwa wa Whitehall", mtaa ule wa wizara zetu. Nimeisoma mara tatu nikinywa chai, na mara zote tatu nimejipenda.

Safari hii sikuishia kuwapigia kelele watumishi wa umma kwa ujumla wao, kama ninavyofanya kila wiki. Nimetaja mtu. Delyth Prosser, mkurugenzi wizarani. Ndiye aliyeshauri ving'ora vya mafuriko ving'olewe pwani yote ya mashariki, watu wategemee ujumbe wa simu. Mwezi uliopita bahari ikaingia mji wa Saltby Haven alfajiri. Umeme ukakatika, minara ya simu ikazimika, na Wilf Garrod, mzee wa miaka themanini na moja, akafia sebuleni kwake, simu yake iko mezani kimya. Nani atawajibika? Nikauliza. Nikajijibu mwenyewe.

Jina nilipewa na Waziri wa wizara hiyohiyo, tukila samaki klabuni kwake. Aliinama kama anayeungama. "Roland, nilikuwa na wiki sita tu pale wizarani. Wakaniwekea karatasi, nikatia saini. Prosser ndiye aliyelisukuma wazo hilo. Hukusikia kwangu."

Hukusikia kwangu! Miaka ishirini na mitano naambiwa maneno hayo, na bado yananifanya nijione mkubwa.

Jambo moja sikuliandika gazetini. Delyth namjua. Kishamba chake cha kukodi kutoka halmashauri, kule Nunhead, kinapakana na changu. Miaka tisa tunaazimana reki. Nilijiambia urafiki usiuzibe mdomo ukweli. Nilijiambia kwa sauti, jikoni, peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Barua za wasomaji zinamiminika. Pippa, mhariri wangu, amepiga simu akicheka: nimewaamsha waliolala, hata redio wananitaka.

Wizara imejibu kwa sentensi moja — haizungumzii watumishi wake mmojammoja. Mnaona? Nimekwenda redioni nikasema asiye na hatia hujitetea. Mtangazaji akakubali kwa kichwa. Nikairudia, maana ilisikika vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Shambani. Delyth hayupo. Mumewe, Ifan, mwalimu mstaafu wa muziki, analima peke yake, analima kama anayezika kitu.

Nikamwuliza mkewe yuko wapi.

"Nyumbani. Mapazia yamefungwa. Kuna vijana wanaupiga picha mlango wetu."

Nikasema pole. Kisha — siwezi kujizuia, nimeumbwa hivi — nikasema kama nimekosea, ajibu. Nitamchapishia kila neno.

Ifan akachomeka jembe ardhini. "Vitabu vyote hivyo umesoma, Roland, na hili hulijui? Mke wangu haruhusiwi. Anayejibu ni waziri. Yeye hufunga mdomo mpaka kaburini. Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

"Basi ndio woga wenyewe huo."

"Haya. Mwite mwoga." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Binti wa Garrod kamwandikia barua. Anamwuliza usiku anapataje usingizi. Delyth kaandika majibu manne. Yote manne kayachana, maana hata hilo haruhusiwi."

Akaingia kibandani, akatoka na reki yangu, akaiegemeza kwenye uzio upande wangu.

Nimerudi nyumbani bila kupanda hata kiazi kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Lazima niliandike hili vile lilivyotokea.

Jioni, tafrija ya gazeti. Waziri ana glasi ya tatu mkononi, amechangamka. Tetesi zote zinasema mabadiliko ya baraza la mawaziri yakija atapanda cheo. Akanishika bega. "Makala yako imeniokoa, kaka. Lakini yule mama! Kurasa tisa, Roland. Kurasa tisa za kunizuia! Ramani, takwimu, wazee wasio na simu wamehesabiwa mji kwa mji. Mwisho njia tatu, na chini kwa herufi nzito: tunashauri ya kwanza, ving'ora vibaki. Mimi nikatia tiki ya tatu: ving'olewe."

Nikamwambia: si uliniambia yeye ndiye aliyelisukuma?

"Nilikwambia hivyo?" Akakunja uso kama anayetafuta miwani. "Basi nilikwambia. Ulitaka nisimame Bungeni niseme tiki ni yangu? Wiki ileile ya mafuriko? Kuwa na huruma." Akagonga glasi yake kwenye yangu. "Na hili pia hukusikia kwangu."

Akahamia kwa wengine. Nilibaki nimesimama karibu na sinia la jibini. Mtu akaja kunipongeza kwa makala. Nikasema asante. Nilisema asante!

Ijumaa, 14 Machi

Wizara ile imepitiwa na mawaziri watano katika miaka sita. Nimewahesabu leo. Kila mmoja aliingia na wazo lake moja la kupigia picha, akatia tiki, akapanda au akaanguka, akaondoka. Wanaobaki na matokeo ni watumishi wale wale wa ghorofa ya nne. Nami nimekula mkate wangu miaka yote hii nikiandika kwamba uozo uko kwa wanaobaki. Wanaoondoka nilikuwa nakula nao samaki.

Hizi ndizo siasa zetu sasa. Aliyeamua hasemi. Anayejua haruhusiwi kusema. Na anayesema — mimi — hakuuliza.

Jumapili, 16 Machi

Nimeandika masahihisho. Aya sita, safi, bila mapambo. Nimempigia Pippa nikamsomea.

Akauliza: "Na chanzo?"

"Waziri mwenyewe."

"Ukimtaja, Roland, hakuna waziri atakayekaa nawe meza moja tena. Wala na sisi."

"Na Delyth?"

"Delyth ni mtu mzima, rafiki yangu. Alijua kazi aliyoiingia. Na hii si sheria yangu, ni yako. Vijana wote hapa umewafundisha wewe: mwandishi hamtaji aliyemwambia."

Kweli, nimewafundisha. Kwa fahari, na mifano. Sasa nimeziweka sheria mbili ubavu kwa ubavu. Yake inasema mtumishi hasemi alichomshauri waziri. Yangu inasema mwandishi hasemi alichoambiwa na waziri. Yake nimeiita woga mbele ya nchi nzima. Yangu naiita heshima. Na zote mbili zinamfunika mtu yuleyule.

Masahihisho nimeyaweka kwenye droo.

Jumatano, 19 Machi

Barua kutoka Bungeni. Kamati inayochunguza mafuriko inaniita Jumanne. Delyth ameitwa siku hiyohiyo.

Nikaenda shambani moja kwa moja. Alikuwepo. Amepungua. Alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, anapanda viazi, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni.

"Jirani," akasema. Basi.

"Delyth, najua kuhusu zile kurasa tisa."

Akaacha kupanda. Akatazama kushoto na kulia, kama vile vitunguu vingekwenda kumshitaki. "Sijui unazungumzia nini."

"Niambie tu ni kweli. Mimi na wewe hapa."

"Miaka tisa, Roland. Umewahi kunisikia nikileta habari za ofisini hapa? Hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi usinianzishe leo."

Nikamwambia nikiitajia kamati aliyenipa jina lake, jina lake litasafika. Akatikisa kichwa. "Hilo ni lako. Usiniletee nikubebee. Ukisema, umesema. Mimi bado sitasema."

Akafukia kiazi kimoja, akakishindilia kwa kiganja. Halafu, bila kuniangalia: "Kabla hujaandika. Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Hukupiga."

"Usingeniambia chochote."

"Nisingekuambia chochote," akasema. "Lakini ungenisikia nikinyamaza. Miaka tisa unanijua. Ungejua."

Mvua ikaanza, tukabaki palepale kila mtu kwenye tuta lake, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbilia kibandani.

Jumatatu, 24 Machi

Ujumbe wa Waziri: kesho niwe imara, taifa linahitaji magazeti huru. Taifa!

Nimeyatoa masahihisho kwenye droo. Nimeyasoma. Nimeyarudisha. Nimeyatoa. Yako mfukoni mwa koti.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nikiwa chumba cha kamati, meza ya mashahidi, nina dakika kumi na tano. Nieleze.

Delyth alitangulia. Mbunge mmoja kijana, tai nyekundu: "Bi Prosser, ulishauri ving'ora viondolewe? Ndiyo au hapana?"

"Si nafasi yangu kueleza ushauri aliopewa Waziri."

Akaulizwa tena. Na tena. Mara nne jibu lilelile, sauti ileile. Maneno yangu ya redioni yalikuwa yanamtoka mbunge kinywani — asiye na hatia hujitetea — neno kwa neno.

"Mama, kuna mtu amekufa!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Jina lake Wilfred Garrod. Alikuwa nyumba namba kumi na nane, Staithe Lane."

Nyuma akalia mwanamke mwenye koti la bluu. Ni binti wa Garrod. Alikuwa anamtazama Delyth kwa chuki ambayo nimeipanda mimi, kwa kalamu yangu, kwa kichwa cha habari nilichokipenda mara tatu.

Kisha wakaniita mimi. Mwenyekiti ni mama wa Yorkshire, kule kaskazini, miwani ameining'iniza shingoni kwa uzi. "Bwana Maddock," akasema, "wewe si mtu wa kuogopa kutaja majina, tumekusoma. Nani alikupa hili?"

Nikafungua mdomo. Na kengele ya kura ikalia! Wabunge wakainuka wote kama darasa, wengine wanakimbia, mmoja bado anatafuna biskuti. Kikao kimesimama mpaka warudi kutoka kupiga kura.

Huyu hapa Waziri, kwa ujumbe wa simu: "Uko imara, kaka? Alhamisi tule pamoja, nina habari kubwa ya baraza, yako peke yako." Habari kubwa. Yangu peke yangu. Mungu nisamehe, nimeisoma mara mbili.

Delyth hakuondoka. Amekaa viti vya watazamaji, safu ya pili, karibu na Ifan. Binti wa Garrod yuko mwisho wa safu hiyohiyo. Kati yao viti vitano vitupu.

Masahihisho yako mbele yangu. Aya sita. Jina la Waziri liko kwenye aya ya kwanza, mstari wa pili. Ni kusoma tu.

Wanarudi. Wa tai nyekundu anahema. Mwenyekiti anavaa miwani, anamwomba karani asome swali lilipoishia, na karani anasoma polepole: nani alikupa hili. Wote wananitazama. Wote isipokuwa Delyth — yeye amesimama, anafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kama mtu aliyekwisha kulisikia jibu langu katika kunyamaza kwangu.