Kwa Mke Mwenzangu Aliyenifundisha Kushona Mifarishi

Mpendwa Bi Mkubwa,

Nilipoletwa Marambo kuwa mke wa pili, nilitegemea unichukie. Mama yangu alinionya hata chakula chako nisile. Wewe ulinipokea begi, ukanipa maji ya kuoga, na Jumamosi iliyofuata tukapanda bodaboda hadi Nachingwea mjini, kwenye kikundi chenu cha kushona mifarishi, yale matandiko ya vipande vya vitenge mlivyookota kwa mafundi cherehani.

"Huyu nani?" wakauliza.

"Mwenzangu. Mpeni sindano."

Kikundi kizima kikacheka. Nani kaona bi mkubwa akimleta mke mwenza kwa mkono wake?

Ulinifundisha kukata kwa kufuatisha kipande cha katoni ili pembe zikutane. Kuvitandaza vipande mkekani kwanza, rangi iliyokoza kando ya iliyopauka, kabla ya kugusa uzi. Kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, kuanzia katikati kwenda nje, bitana isije ikavimba. Mimi nilipanga nyekundu tupu. Ukasema, "Weka na hiyo ya kahawia usiyoipenda. Bila hiyo nyekundu zako zinapigana." Nilinuna, nikaiweka. Ulisema kweli.

Kisha ukadai talaka, ukaipata, ukarudi kwenu Chunyu. Watoto wako mume wetu alikukatalia kuwachukua. Siku unaondoka uliniambia neno moja tu: "Waangalie."

Tangu hapo mume wetu amenifungia. "Kikundi ndicho kilichomharibu mwenzako," anasema. "Na wewe unataka kuota mapembe?" Njia zangu sasa ni kisimani, kwenye mikorosho na jikoni. Wenzetu wakipita kwenda mjini wananipungia, najifanya napepeta. Nashona akiwa hayupo. Nikisikia pikipiki yake, kitambaa nakitumbukiza kwenye debe la ufuta.

Nilikuonea wivu kwa kuweza kuondoka, dada. Msimu wa korosho ulipokwisha, nilifunga mzigo niende kwa mama. Nilikuwa nimeshafika mlangoni Zuhura wako, ambaye siku zote huniita mama mdogo, alipotoka akifikicha macho.

"Mama, unakwenda wapi?"

Hakusema "mdogo".

Nikamwambia siendi popote. Nikatua mzigo, nikawasha moto wa uji.

Sikulaumu kwa kuondoka. Ila ujue tu kwamba niliyebaki hapa sikubaki kwa ajili ya mume. Wasalimie wa huko kwenu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwachia watoto.